Tafsiri ya Kutua

Saa nne asubuhi, Kisumu, ghorofa ya tatu.
Feni imekufa tangu Pasaka.
Bwana Lisimba ananiwekea mezani karatasi
yenye kitenzi kimoja cha kugombaniwa.

Helikopta ya jeshi la jirani
Jumanne ilitua Lwanda Matin.
"Ilivamia," asema Lisimba. "Andika ilivamia."
Simu inalia, Nairobi: msiandike ilivamia,
wiki ijayo tuna kikao cha reli.
Andikeni "ilionekana kuwapo".
Na barua ya ng'ambo, iliyotangulia chai,
yasema haikutua kwa watu, ilirudi kwao Akazinga,
kama mtu akaavyo kwenye kiti chake.

Jiwe moja, majina mawili,
kubwa kama uwanja wa shule, ukiondoa magoli.
Vibanda vya mabati, kinyozi, makanisa mawili yasiyosalimiana,
choo kinacholipiwa kwa sarafu ya nchi yoyote.
Kodi hulipwa asubuhi huku,
jioni kule.

Wakaniletea shahidi, Perpetua Akeyo,
kanga imefungwa kama anayekwenda kudai deni.
Alisema kwa Dholuo, nami nikaandika:

Kisiwa kina tambarare moja tu.
Hapo ndipo naanika omena.
Hapo ndipo walipoona panafaa.
Zilipanda juu, baba, kama zimeitwa jina,
kisha zikaanguka ziwani
zilikotoka, zikiwa zimekwisha kukauka.
Debe kumi na mbili.
Akashuka askari, mtoto tu, ndevu hazijaamua.
Nikadhani ataniuliza kitambulisho.
Akauliza choo kiko wapi.
Akalipa. Aliporudi akainama kuniokotea,
akizijaza omena kwenye kofia yake ya chuma,
mpaka mkubwa wake akapiga filimbi.
Dakika kumi na moja, basi.

"Inatosha," alisema Lisimba.

Haitoshi, akasema Akeyo. Kesho yake
ikaja yetu, yenye bendera yetu,
kuonyesha kuwa nasi tunajua njia.
Ikatua palepale.
Ikapeperusha zile za kwenye kofia.

Kalamu yangu ilisimama.
"Hiyo ya pili haikutua," akasema Lisimba,
akitazama feni isiyozunguka.
"Hiyo ilizuru."

Miaka kumi na tisa nafasiri nyaraka za serikali.
Najua jua hutua bila kuomba kibali.
Najua mchukuzi hutua mzigo akifika,
na moyo hutua baada ya habari njema.
Lugha yetu ni karimu kwa neno hili,
imelipa malazi kila nyumba.
Lakini sikupata namna ya kulitumia
nikimwangalia mama aliyesafiri saa sita kwa boti
na ambaye, kwa maana yoyote ile,
hakuwa ametua.

Akaniuliza hiyo barua itakwenda wapi.
Nikamwambia kwa balozi.
Akauliza kama balozi anakula omena.
Nikasema sijui.
"Basi muulize," akasema, "kabla hujampa hayo mengine."

Saa kumi waraka ukawa tayari.
Ilivamia ikawa ilitua, ilitua ikawa tukio,
tukio likawa "suala lililo mezani".
Mahali pa hasara fomu ilikuwa na mstari mfupi,
upana wa kidole gumba.
Nikaandika: omena, debe kumi na mbili, na za kwenye kofia.

Katika nakala ya Kiingereza walilifuta.
Katika ile ya Kiswahili,
ambayo hupigwa muhuri na kufungiwa kabatini
bila mtu kuifungua,
lipo bado.